Binti wa Ndani ya Runinga

Katika mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyemchukia Bi Nyosha ila mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyemleta. Alimleta kwa ngazi yake mwenyewe, kwa spana yake na kwa jasho lake. Alimfunga juu ya bati la nyumba ya mama yake, akamteremsha kwa waya ukutani hadi sebuleni, akamkalisha mbele ya kiti cha mama. Kisha akaenda zake kazini akijiona mtoto mwema.

Watu walimwita Koleo. Jina hilo alilipata katika chuo cha ufundi, kwa sababu jambo akilishika halimtoki mkononi, liwe skrubu yenye kutu au neno la kuudhi aliloambiwa mwaka juzi. Alikuwa fundi wa madishi na intaneti, mwanamke wa maneno machache na sanduku lililopangika: skrubu ndogo upande wake, kubwa upande wake, nyaya zimekunjwa duara moja kama mikate ya tanuri moja. Alipopanda nguzo, watu wa chini hawakusikia kitu, wala kuguna wala kupiga mluzi. Akishuka husema, "Tayari," na inakuwa tayari.

Ugonjwa ulipoingia na watu wakaamriwa wakae majumbani, kazi za wengi zilisimama. Yake ilianza kukimbia. Nyumba zilizokuwa zikiihesabu intaneti kuwa anasa sasa ziliililia kama maji ya kunywa. Koleo alitundika kibali chake shingoni, akavaa barakoa na glavu, akaingia sebule za watu asiowajua. Alitoboa kuta zao, akapitisha waya, akafunga kisanduku chenye taa ndogo za kijani. Kabla ya kuondoka alifuata desturi ya kazi yao: mteja lazima apige simu ya kwanza ya picha fundi akiwa palepale, ili fundi ahakikishe kwamba sura hazigandi na sauti haikatiki. Fundi anayeondoka kabla ya simu ya kwanza, walifundishwa, ni kama mkunga anayeondoka kabla mtoto hajalia.

Kwa hiyo Koleo alizishuhudia simu za kwanza za watu wengi. Alimwona mwalimu mkuu mstaafu, mzee mkavu aliyempokea kwa kumkagua viatu, akimpigia mjukuu wake wa ng'ambo ya mji. Sura ya msichana ilipotokea, mzee alivua miwani, akaivaa, akaivua tena.

"Mbona umekonda hivyo?" alifoka.

"Babu, mimi nakuona tundu la pua tu. Ishushe simu!"

"Pua hii ndiyo uliyoirithi, usiicheke."

Koleo alijifanya anatazama taa za kisanduku. Ukweli ni kwamba alikuwa akitazama mkono wa mzee ulivyokigusa kioo taratibu, kama mtu anayepima joto la paji la uso. Siku za mwanzo, mambo kama hayo yalimpa raha ya kazi. Baadaye raha ile iliota miiba. Alianza kuondoka katika nyumba za watu akiwa na donge kooni, asijue amemeza nini.

Alichomeza kilikuwa kijicho. Yeye aliyewakutanisha watu wote hao, kwa mama yake hakuingia.

Katazo lilikuwa lake mwenyewe. Mama alikuwa dobi kwa umri wake wote wa kazi, mpiga pasi katika chumba kisichokuwa na dirisha la maana, na mvuke na poda za sabuni vilimwachia kifua kinacholia kama mlango usiotiwa mafuta. Daktari alisema ugonjwa huu ukimkuta mtu mwenye kifua cha namna hiyo, asitegemee huruma. Naye Koleo alikuwa mtu wa kuingia nyumba za watu kutwa nzima. Akapiga moyo konde, akajiwekea sheria: kizingiti cha mama hakivuki. Ataacha kapu barazani, atasimama nje ya dirisha lenye wavu wa mbu, atasema na mama kutoka hapo.

Simu ya mama ilikuwa ile ndogo ya vitufe, na sikio lake moja lilikuwa limekwisha kuaga. Kwa simu walisikilizana kama watu wawili waliotumbukia katika visima tofauti. Intaneti haikuwapo, kwani waya wa kampuni ulikuwa haujaifikia barabara ya mama. Tena Koleo hakuwahi kuliweka jina la mama yake kwenye foleni ya wanaosubiri. Aliona haya. Hakutaka mtu aseme fundi anawapendelea wa kwao.

"Mganga hajigangi," aliambiwa na mshona nguo, jirani wa mama, aliyekuwa akishona barakoa barazani kwake tangu asubuhi hadi jua lizame na kuzungumza muda wote huohuo. "Wa mbali unawapa nuru, wa kwako umempa dirisha."

"Nimempa dishi," Koleo alijibu.

Na kweli alimpa. Alinunua runinga, akafunga dishi na king'amuzi, akambandikia mama kipande cha plasta chekundu kwenye kitufe cha kuwashia ili asihangaike. "Walau usikie sauti za watu ndani," alimwambia kupitia wavu. Zilikuja sauti za watu wengi, lakini mama alichagua moja.

Kila alasiri kulikuwa na kipindi cha wazee waliofungiwa majumbani. Mtangazaji wake, mwanamke wa makamo mwenye mashavu ya duara na sauti ya maji yanayomiminwa polepole, alikaa kwenye kiti cha kawaida na kuwaonyesha jinsi ya kunyoosha viungo bila kusimama. "Nyosha," alisema. "Nyosha taratibu, usiogope, hakuna anayetufukuza." Baina ya zoezi na zoezi alisoma salamu, akauliza watu wamelalaje, akanyamaza kidogo kama anayesubiri majibu. Jina lake halisi mama hakulishika. Alimbatiza Bi Nyosha, na mtaa ukalipokea.

Koleo aliyagundua mambo haya kidogokidogo, kama mtu anavyogundua kuwa paa linavuja. Kwanza aliiona pasi. Tangu astaafu, mama alikuwa ameapa kutoigusa pasi maisha yake yote. Nguo zake alizikunja zikiwa na mikunjo na kuzivaa hivyohivyo, kwa kisasi. Alasiri moja Koleo alifika na kapu la machungwa, akamkuta mama sebuleni anaipiga pasi blauzi ya buluu, ile ya kutokea, huku mvuke ukipanda.

"Shikamoo, mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba. Niende wapi na nchi imefungwa? Sogea kidogo, fundi, unaniziba mwanga."

Fundi. Tangu asimame nyuma ya wavu, mama alikuwa akimwita hivyo. Alianza kwa utani, kwa kuwa wote wanaosimama nje ya dirisha na kuuliza hali ya vitu vya ndani ni mafundi. Utani ulikaa, ukawa jina.

"Sasa blauzi ya nini?"

"Nina mgeni."

Koleo alishtuka, akachungulia kushoto na kulia. "Mgeni gani? Mama, si tulikubaliana—"

"Yule pale," mama alisema, akaelekeza pasi kwenye runinga.

Koleo alicheka, kwa maana hapakuwa na jingine la kufanya. Kisha akaingia katika maswali yake ya kila siku.

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Ukiwa umekaa au umelala?"

"Nimekaa. Bi Nyosha katukataza kumeza dawa tukiwa tumelala."

"Mimi nilikwambia hivyo tangu mwaka jana!"

"Wewe ulifoka," mama alisema, akaigeuza blauzi upande wa pili. "Yeye alisema."

Koleo aliliinamia kapu. Aliyaweka machungwa barazani, moja baada ya jingine, ingawa kapu zima lingeweza kuwekwa kwa mara moja. Alikuwa amekwisha kuaga alipousikia muziki wa kipindi, akajikuta anarudi dirishani, pembeni, asipoonekana. Alimwona mama amekaa wima katika blauzi isiyo na mkunjo hata mmoja. Alimwona akiinua mikono, akizungusha mabega, akiitikia, "Nimelala vizuri, ahsante," pale mwanamke yule alipouliza. Mwisho wa kipindi Bi Nyosha aliinama mbele, uso ukajaa kioo chote.

"Tukutane kesho, panapo majaliwa," alisema. "Usiniache peke yangu hapa."

"Siwezi kukuacha, mwanangu," mama alisema.

Neno hilo lilimpita Koleo kama msumari unavyopita kwenye kiatu. Mwanangu! Mtu asiyejua kama mama huyu ana kifua au hana, asiyepata kubeba kapu, asiyejua ni jino gani limeng'oka, leo ndiye mwana. Na yeye aliyetoka tumboni ni fundi. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema, lakini hawakumwona mtu asiyekuwapo na lake lipo, tena katikati ya sebule, tena kwa umeme anaolipia mwingine.

Tangu siku hiyo wivu ulimganda. Nguzoni alimfikiria Bi Nyosha. Nyumbani kwake, akila chakula cha mtu mmoja, aliwasha runinga ili amtafute kasoro, akazipata: mashavu yamepakwa poda kupita kiasi, kiti chake kina mto na cha wazee hakina, kicheko kinatangulia mzaha. Alimweleza mshona nguo kasoro hizo, kwa uangalifu, kama mtu anayeripoti hitilafu.

Mshona nguo alikata uzi kwa meno. "Dada, wewe una wivu na kioo."

"Sina wivu. Nasema tu kwamba anajifanya."

"Na mke mwenza hujifanya pia. Lakini anayepikiwa anashiba."

Asubuhi iliyofuata Koleo alifika kwa mama na ngazi. "Nakaza skrubu za dishi," alitangaza dirishani. "Upepo wa juzi."

"Haya, fundi," mama alisema kutoka jikoni.

Juu ya bati jua lilikuwa kali na mbingu tupu. Koleo alipiga magoti mbele ya dishi, akatoa spana, na kabla ya kuilegeza nati alichukua msumari, akakwaruza alama ndogo kwenye bomba pale kifungio kilipoishia. Hiyo nayo ni desturi ya kazi: dishi haliguswi kabla ya kulitia alama, ili ajaye aweze kulirudisha palepale lilipokuwa. Mkono wake uliitia alama bila kumuuliza. Na kama angejiuliza, angetambua kwamba mtu aliyekusudia kuharibu kweli hajiachii njia ya kurudi. Lakini hakujiuliza. Alilegeza nati, akalisukuma dishi kwa upana wa vidole viwili, akaikaza.

Vidole viwili tu. Huko juu angani, vidole viwili vya duniani ni safari ndefu. Bi Nyosha alitupwa mbali na nyumba ile kama mtu aliyekosea bara.

Alasiri Koleo aliomba ruhusa kazini, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, akaja na kreti la soda, akaligeuza chini ya dirisha, akalikalia. Ndani, kioo kilikuwa cheusi, kimeandikwa maneno mawili: Hakuna mawimbi. Mama alikuwa amevaa blauzi ya buluu.

"Imekufa," mama alisema.

"Hali ya hewa," Koleo alisema.

Mama aliinamisha kichwa akalitazama anga kupitia wavu. Hapakuwa na wingu hata la kumfunika kunguru. "Hali ya hewa," alirudia.

"Basi tuzungumze sisi. Nimekuja kukaa na wewe."

"Haya."

"Umemeza dawa?"

"Nimemeza."

"Machungwa yapo?"

"Yapo."

"Choo kinapitisha maji?"

"Kinapitisha."

Kisha maneno yakaisha. Koleo alijipapasa akilini kama mtu anayetafuta skrubu iliyoanguka nyasini, asione kitu. Alifikiria kumweleza mama juu ya mwalimu mkuu na tundu la pua, lakini aliona si habari ya maana. Nzi alitembea kwenye wavu kutoka upande mmoja hadi mwingine na wote wawili walimsindikiza kwa macho. Sebuleni mama aliinua mikono, akaizungusha mara chache mbele ya kioo cheusi, akaishusha.

"Nenda tu kazini, fundi," alisema. "Usije ukafukuzwa."

Siku iliyofuata Koleo alijiandaa. Alikuwa na mambo ya kusema. Aliyapanga njiani kama anavyopanga sanduku lake. Alipofika, kreti lilikuwa palepale, dirisha limefungwa, na mlango, alipousukuma kwa kidole kimoja, ulifunguka.

"Mama?"

Sebule ilikuwa tupu. Pasi ilikuwa imesimama kwenye meza, bado ina joto. Koleo alisimama kwenye kizingiti alichoapa kutokivuka, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Ndipo aliposikia, kutoka upande wa pili wa ukuta wa jirani, ile sauti ya maji yanayomiminwa. "Nyosha. Nyosha taratibu."

Chumba cha mshona nguo kilijaa vitambaa na watu. Palikuwa na wateja wawili waliokuja kuchukua barakoa na ambao hawakuwa wamevaa hata moja. Palikuwa na mume wa mshona nguo, amejilaza kwenye mkeka anakohoa. Na katikati, kwenye kiti cha heshima, alikaa mama katika blauzi ya buluu, mikono juu, uso unang'aa.

"Mama, toka!" Sauti ya Koleo ilipasua chumba. Hakuwahi kupaza sauti hivyo, na watu walimgeukia kama waliouona mtungi ukisema. "Toka sasa hivi!"

"Karibu, dada," mshona nguo alisema. "Si umesema anajifanya? Njoo umwone akijifanya."

Mama alishusha mikono. Alimuaga kila mtu, akamuaga na Bi Nyosha, akatoka. Koleo alimfuata kwa mbali kama askari anayemrudisha mfungwa. Mama aliingia kwake, akafunga mlango, akaja dirishani. Kifua kilikuwa kikilia.

"Unajua umefanya nini?" Koleo alisema. "Daktari alisema nini? Mimi sivuki mlango wako kwa miezi yote hii, sikugusi, ninakaa juani kama mdai, halafu wewe unakwenda kukaa katikati ya makohozi ya watu! Kwa sababu ya nani? Kwa sababu ya mwanamke ambaye hata hakuoni!"

"Najua kwamba hanioni. Mimi si mjinga." Mama alivuta pumzi. "Lakini anajifanya vizuri."

"Ungesubiri dishi lipone."

"Lipone nini? Hali ya hewa?" Mama aliusogelea wavu. "Hebu niambie, fundi. Hali ya hewa ina viatu? Maana asubuhi ile niliisikia ikitembea juu ya bati. Ikaliruka lile bati linalolia, kama anavyoliruka mtu aliyezaliwa chini yake. Ikapiga magoti. Ikakwaruza kitu. Nyayo zako nazijua tangu ulipokuwa ukitambaa, sasa utanificha nini?"

Koleo aliona uso wake unawaka chini ya barakoa.

"Unamwita mwanangu," alisema hatimaye, na ilitoka kama sauti ya mtoto aliyenyimwa kipande.

"Ndiyo, namwita."

"Na mimi ni fundi."

Mama alipojibu, hakuwa na utani.

"Unakuja hapa unanihesabia dawa na choo. Kisha unaniambia: leo niliingia kwa mzee mmoja, leo niliingia kwa bibi mmoja alinipa pole. Wewe unadhani mimi nafurahi? Nawaonea kijicho mabibi wa watu. Unakaa sebuleni kwao. Wanakuona."

"Navaa barakoa, mama. Wanaona macho tu."

"Basi wanaona macho kwa karibu. Mimi nakuona kwa wavu, vipandevipande, kama samaki." Aliugusa wavu kwa kidole. "Bi Nyosha angalau hana wavu."

Koleo alipanda juu ya bati. Aliikuta alama yake, akalirudisha dishi hadi kifungio kikaulamba mkwaruzo, akaikaza nati mpaka mkono ukauma. Kutoka chini alisikia muziki wa kipindi kingine. Alikaa juu pale kwa muda, amejifunika uso kwa mikono yenye kutu.

Habari kwamba mume wa mshona nguo amepelekwa hospitali ilikuja kabla ya wiki kwisha. Mshona nguo mwenyewe naye alishikwa na homa, na kwa mara ya kwanza cherehani yake ilinyamaza. Kuanzia hapo Koleo hakuishi, alisubiri tu. Kila asubuhi, kabla ya kazi, alisimama chini ya dirisha na kusikiliza. Kifua cha mama kililia siku zote, ila sasa alikisikiliza kama anavyosikiliza mlio wa mtambo, akitafuta ndani yake mlio mgeni. Mkosaji alikuwa yeye. Vidole viwili vya wivu, na mama yake akakaa na mgonjwa chumba kimoja. Mara kadhaa mama alikohoa, na mara zote Koleo alishika nondo za dirisha.

"Ni chai imenipalia," mama alisema. "Usinizike."

Alasiri za siku hizo Koleo hakurudi kazini mapema. Alikaa kwenye kreti nje, Bi Nyosha akiwa ndani. Alimsikiliza mwanamke yule akiwatajia wazee majina ya viungo vyao, naye kwa mara ya kwanza aliomba dua ambayo hakuwahi kufikiri ataiomba: kwamba Bi Nyosha asiugue.

Mama hakuugua. Mume wa mshona nguo alirudi amepungua nusu, na cherehani ilianza tena, polepole kwanza. Siku hiyo Koleo alikwenda kwa msimamizi wake.

"Nataka kuweka jina kwenye foleni," alisema.

"La nani?"

"La mama yangu."

Msimamizi aliinua macho. "Kumbe una mama? Sisi tulidhani ulitoka kiwandani pamoja na ngazi."

Foleni aliifuata. Waya ulipoifikia barabara ile na zamu ya mama ilipowadia, alikuja na sanduku lake kama anavyokwenda kwa mteja yeyote, isipokuwa hakuingia. Alitoboa ukuta kutoka nje, akasukuma waya ndani, na mama akaupokea upande wa pili.

"Vuta. Taratibu. Sasa chomeka pale penye tundu la njano. Kaza, lakini usiukabe."

"Nimepiga pasi suti za mawaziri," mama alisema, "nitashindwa na kamba hii?"

Taa za kijani zikawaka. Koleo alikuwa amempitishia simu janja yake ya zamani katika kapu la machungwa, imepakwa dawa ya kuua vijidudu mpaka inanuka hospitali. Alijikohoza. "Sasa mteja apige simu ya kwanza," alisema kwa sauti yake ya kazini. "Ampigie amtakaye."

Akaenda kukaa kwenye ngazi ya baraza, mgongo kwa dirisha. Simu yake aliishika kwa mikono miwili. Aliwaza juu ya watu wote ambao mama angeweza kuwapigia: shangazi, madobi wenzake, hata kituo cha runinga siku hizi kilikuwa na namba ya kupokea salamu kwa picha. Kisha simu ikatetemeka mkononi mwake.

Kwanza aliona dari. Baadaye sikio. Baadaye, kwa kishindo, uso wa mama, mzima, bila wavu, na kila kunyanzi mahali pake.

"Vua hiyo barakoa nikuone."

Barazani hapakuwa na mtu. Koleo aliivua. Mama alimtazama kwa muda mrefu hivi kwamba Koleo, kwa mazoea, alidhani picha imeganda.

"Umezeeka, mwanangu," mama alisema.

Koleo alitaka kujibu, lakini ndani muziki wa kipindi ulianza, na uso wa mama ukageuka upesi. "Ngoja, mwenzio anaanza! Usikate. Nyosha nawe." Aliiegemeza simu kando ya runinga, akakaa kitini pake. Blauzi ya buluu haikuwa na mkunjo.

Basi Koleo aliisimamisha simu yake juu ya sanduku la spana, akainua mikono juu barazani, mchana kweupe. Mshona nguo alichungulia juu ya ukuta akiwa na barakoa mbili, akaangua kicheko kilichoishia kikohozi. "Haya, nyosha, dada! Hakuna anayetufukuza!" Koleo hakushusha mikono. Alikuwa na kazi nyingine: alikuwa akitazama macho ya mama yanakokwenda. Yalikwenda kwa Bi Nyosha, yakaja kwake, yakarudi kwa Bi Nyosha na kukaa huko. Yakakaa tena. Yakazidi kukaa.

"Mama," alisema, "isogeze hiyo simu kidogo upande wa kulia."

"Kwa nini? Nakuona vizuri."

"Mawimbi."

Mama aliishusha mikono yake, akakitazama kioo kidogo, kisha kikubwa, kisha kidogo tena. Pembe za mdomo wake zilicheza.

"Hali ya hewa?" aliuliza.

"Hali ya hewa," Koleo alikubali.

Mama alinyanyuka, kifua kikilia, akaisogeza simu kulia, akaisogeza tena, mpaka ikasimama katikati ya kioo cha runinga na kuyafunika mashavu ya Bi Nyosha yote mawili. Kisha akarudi kitini, akainua mikono yake.